Mizani Iliyosoma Sifuri

Tarehe 3 Februari

Kwako mwanangu, kitindamimba,

Marahaba! Nakujibu kabla hujaniamkia, maana ndivyo ninavyofanya kazi zangu zote, mapema. Mimi mzima, goti tu linalalamika nikiinama, nami nimelizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Mama yako mzima. Kuku wazima. Gramu hajambo? Ameshasimama? Mwambie babu yake anamwulizia.

Utashangaa kupata barua wakati siku hizi hata muuza mchicha ana simu. Simu ya nyumba hii ni ya mama yako na inakaa kwapani mwake, na ninachotaka kusema kinamhusu yeye. Kalamu haipigi kelele. Na usicheke mwandiko. Wenzangu walianza na herufi, mimi nilianza na namba za kwenye mizani, herufi zikaja zenyewe baadaye kama kuku walioona punje.

Haji, mwanangu. Nimemkatia tena tiketi ya basi. Asubuhi kavaa, kafunga mzigo, kafika mlangoni, karudi kaketi. Eti kichwa. Safari iliyopita ilikuwa mgongo. Nikamwambia, mwanamke wewe, mjukuu anamaliza mwaka hujamshika, hicho kichwa kinauma siku za basi tu? Akanitazama, akaenda kuchambua mchele.

Mimi fundi mizani, Ratili wa mtaa mzima, sijashindwa na mizani yoyote. Ya buchani, ya magunia, ya kupimia watoto kliniki, zote zimelala mezani kwangu zikasema kweli. Wewe mwenyewe nilikupima siku uliyozaliwa kwa mizani yangu, ukaangusha mshale mpaka kilo nne na nusu! Nilitoka nje nikatangaza. Hapa mtaani hakuna aliyezaa mzigo kama ule. Lakini huyu mama yako kila nikimpima mshale hautulii.

Halafu muuza nyama anasema binti yangu huko mjini kazi yake ni kuuliza wanawake habari za mkojo. Nimemwambia afunge mdomo. Niandikie upesi kama ni kweli, ili nijue nimkate makofi au nimwombe radhi.

Mimi baba yako,
Ratili


Tarehe 15 Februari

Shikamoo Baba,

Nimeipokea barua yako, nikaisoma nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena. Natumaini goti limepunguza ugomvi. Sisi hatujambo. Gramu anasimama akishika kiti, akikiachia anaketi kwa kishindo na kututazama kama sisi ndio tuliomwangusha.

Mwombe radhi muuza nyama. Ni kweli.

Baba, wanawake wengi, wengi kuliko unavyodhani, mkojo huwatoka bila kutaka. Si uchafu wala uzembe. Ni ugonjwa kama goti lako. Wengine huwatoka wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua ndoo, kwa sababu misuli ya chini inayobana imelegea. Wengine kibofu hujikaza chenyewe ghafla, haja inamshika mtu njiani na hafiki chooni. Wengine wana yote mawili. Ni muhimu kujua nani ni nani, maana dawa ya huyu si dawa ya yule. Wa kwanza hufundishwa kuikaza ile misuli kila siku mpaka ipate nguvu. Wa pili hufundishwa kukizoesha kibofu kungoja, na pengine kupewa vidonge.

Kuna mahali daktari wa kupima hayo yuko mbali. Kwa hiyo yametungwa maswali machache ambayo mhudumu yeyote anaweza kumwuliza mwanamke, kisha akajua yuko kundi gani. Kazi yetu ni kuyapima maswali yenyewe. Ninamwuliza mwanamke, naandika majibu. Kisha anaingia kwa daktari, anakunywa maji, anakohoa, anaruka, pedi inapimwa uzito kabla na baada. Mwisho tunatazama kama maswali na daktari wamesema neno moja. Wewe utanielewa kuliko watu wengi. Daktari ni lile jiwe lako la kuhakikia. Maswali ndiyo mizani.

Kuhusu Mama, niseme nini? Siku nilipohitimu uuguzi kiti chake kilikaa kitupu. Siku ya harusi yangu alifika mpaka mlango wa ukumbi, nikamwona, akageuka. Sasa ni Gramu. Mwaka hadi mwaka najiuliza ni kipi nilichomkosea, na sijathubutu kumwuliza, mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 27 Februari

Kwako mwanangu mtafiti,

Salamu zikufikie zikiwa bado moto. Sisi wazima. Muuza nyama nimemwomba radhi, akanipa mfupa wenye nyama, kwa hiyo radhi ililipa.

Nimekuelewa! Nimeisoma barua yako mara moja tu nikaielewa yote. Unayahakiki maswali kama mimi ninavyohakiki mizani ya sokoni: naweka jiwe ninalolijua uzito, naangalia mshale unasema nini. Mshale ukisema sivyo, tatizo ni la springi. Na nikufundishe sheria yangu moja hapohapo: mshale ukiwa unatikisika, usisome. Ngoja utulie. Wauzaji wote wezi husoma mshale ukiwa unacheza.

Sasa nikasema, kwa kuwa umeniandikia maswali, na mimi nikusaidie kazi. Nimemjibia mama yako. Je, humtoka akikohoa, akicheka, akinyanyua? Hapana. Je, hubanwa ghafla asifike? Hapana. Je, yote mawili? Yatakuwaje mawili wakati hata moja hakuna? Hapana tena. Mtie kwenye hesabu yako kundi la wazima. Nimeishi na mama yako tangu mashavu yangu hayajaota ndevu, nguo zetu zinakaa kwenye kabati moja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Tatizo la mama yako ni ukaidi. Je, mna mizani ya ukaidi huko? Nitumie.

Mimi baba yako,
Ratili


Tarehe 10 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za siku? Sisi hatujambo, mafua madogo tu yamepita nyumbani, yameanza na Gramu yakatuzungukia wote.

Asante kwa msaada, lakini majibu yako nimeyatupa. Kwetu waume hawaruhusiwi kujibu. Wengine hukaa nje kwenye benchi wakijibu kwa sauti kupitia dirishani, mpaka tumelazimika kulifunga. Wote, Baba, wote ni kata.

Maswali yetu yanakwenda vizuri. Mwanamke akisema humtoka akikohoa, mara nyingi daktari naye anaona hivyohivyo. Akisema hubanwa ghafla, mara nyingi ni hivyo, ingawa hapo makosa yanaongezeka. Lakini kuna wanawake wanaotuumiza kichwa. Wanajibu hapana kwa kila swali, tena wananitazama usoni. Kisha wanaingia kwa daktari, wanakohoa mara moja, na pedi inalowa. Maswali yamesoma sifuri, jiwe lipo juu. Wenzangu wanasema wanawake hawa wanadanganya kwa aibu. Huenda. Lakini mimi nilikaa nao, na hawakuwa na uso wa waongo.

Na nakuomba kwa heshima zote, Mama usimwulize. Maswali haya yana namna yake. Huulizwa faraghani, na mtu aliyekubali, kwa sauti ya chini.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 19 Machi

Kwako mwanangu,

Sisi wazima wa miili.

Nimemwuliza.

Usianze kufoka. Nilitumia namna. Alikuwa uani anafua, mimi niko karakana nimekaza nati ya mizani ya magunia siwezi kuiachia, kwa hiyo nikauliza kutoka hapohapo. Nikakohoa kidogo kama mtu wa serikali, nikasema, "Mama watoto! Je, wewe hutokwa na mkojo ukikohoa, ukicheka au ukinyanyua kitu?" Nikadhani hajasikia, nikaongeza sauti.

Nadhani fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisikia, maana nyundo yake ilinyamaza.

Akaja mpaka mlangoni na povu mikononi. "Nini?"

Nikarudia, "Ukicheka, hutokwa?"

"Hapana."

"Ukinyanyua?"

"Hapana."

"Ukikohoa?"

"Hapana. Na wewe je, Ratili, ukipumua, akili hazikutoki?" Akaondoka. Tangu siku hiyo chakula naletewa kikiwa kimefunikwa, na neno silisikii.

Lakini jibu nimepata! Hapana, hapana, hapana. Nilikwambia. Na najua sauti ya mama yako akidanganya, huwa nyembamba. Hii ilikuwa nene. Mizani imesoma sifuri na kitanga ni safi. Sasa uniamini.

Mimi baba yako,
Ratili


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Baba,

Tuko salama.

Nilikuomba. Mama hapokei simu zangu tena. Nilipopiga kwa namba ya mume wangu alipokea, akasikia sauti yangu, akasema, "Umemtuma baba yako anitangaze barabarani," akakata.

Gramu ametembea. Hatua chache, kutoka kitandani hadi kwangu. Nilitaka kumwambia yeye wa kwanza.

Tafadhali usiniandikie tena habari hii.

Mwanao


Tarehe 21 Juni

Kwako mwanangu, kitindamimba wangu, mzigo wangu wa kilo nne na nusu,

Najua ulininyamazisha, nami nimenyamaza mpaka meno yameniuma. Hujambo? Gramu hajambo? Sisi wazima. Nasema sisi, na leo neno hilo nalisema kwa kituo, utaona. Vuta kiti. Mama yako ameniruhusu kuandika haya, tena amekaa pembeni yangu, anasema niandike yote nisiongeze chumvi. Nimejaribu.

Wiki iliyopita muuza mkaa alileta mizani yake ya kuning'iniza, ile ya ndoano. Nimeitengeneza, nimeifunga kwenye boriti ya karakana, akasema haiamini. Haiamini! Kazi ya mikono yangu! Nikachukua gunia, nikaingia ndani yake mwenyewe, nikajitundika kwenye ndoano. "Soma mshale huo!" nikamwambia. Basi kamba ya gunia ikaanza kujisokota, kisha ikajisokotoa. Nikazunguka kama pia. Miguu juu, kofia chini, na mimi bado nasema, "Umesoma? Umesoma?" Muuza mkaa akakimbilia nje kutafuta ngazi.

Ndipo mama yako akaja mlangoni kuniita chai.

Akacheka. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Alicheka kutoka tumboni, akashika mlango, akainama. Na mimi kule juu, nikizunguka, nikasikia jambo geni, kama mtu aliyesikia saa ya ukutani iliyokufa zamani ikipiga. Nikajiambia, hii sauti naijua. Niliisikia wapi?

Kisha ikakatika, kama mtu aliyezimwa. Akasimama amebana miguu, uso umegeuka jivu, akatembea taratibu kuelekea uani, na kwenye sakafu ya karakana palibaki alama ya maji pale aliposimama.

Muuza mkaa aliporudi na ngazi nilikuwa nimeshaiona. Aliponishusha, nilimwambia birika limemwagika. Ndiyo, uongo huo nimeusema, na nitausema tena.

Mama yako alirudi amebadili nguo. Sikusema kitu. Unanijua, mimi kutosema kitu ni kazi kubwa kuliko kubeba chuma. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Uliniuliza kama natokwa nikicheka. Nikakwambia hapana. Nilidanganya?"

Nikasema, "Sijui."

"Sikudanganya. Wewe mara ya mwisho umenisikia nikicheka lini?"

Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole, vidole vikaisha.

"Uliniuliza kama natokwa nikinyanyua. Mimi hunyanyua nini katika nyumba hii?"

Mwanangu! Miaka yote hii mimi ndiye ninayechota maji. Mimi ndiye ninayebeba mkaa, mchele, magodoro. Nimejisifu kwa wanaume wenzangu mpaka wamenichukia, kwamba mke wangu hajawahi kushika ndoo, kwamba nina nguvu na nina mapenzi. Kumbe kila nilipokaribia ndoo alikuwa akisema, "Hebu tuone kama bado una mkono ule." Mkono ule! Nimechotishwa maji kwa sifa maisha yangu yote, na sikujua!

Akanieleza. Alieleza mpaka chai ikapoa. Kwa nini huketi kiti cha karibu na mlango kila tunakoalikwa. Kwa nini nguo zake zote ni za rangi nzito. Kwa nini siku ya safari hatii hata funda la maji kinywani tangu alfajiri, ndiyo maana kichwa kinamuuma, kichwa ni cha kweli, ni cha kiu! Anajua vyoo vyote kutoka hapa hadi sokoni, kipi kina ufunguo, nani anao, nani ni mchoyo. Kikohozi kikija hukaa chini kwanza. Chafya huibana kwa vidole viwili. Mzaha ukianza huondoka kwenda kuangalia sufuria. Nimeishi na mwanamke nikidhani hapendi mizaha yangu. Anaipenda! Ananiambia ile ya mbuzi na mzee wa mizani alikwenda kuichekea stoo, peke yake, amekaa juu ya kitambaa.

Mimi nimeona mashine nyingi. Nimefungua mizani za kizamani zenye mikono ya shaba, zimetengenezwa na watu waliokwisha kufa, nikatoa kofia kwa heshima. Lakini hii nyumba, mwanangu, hii nyumba yote ni mashine aliyoiunda mama yako kipande kwa kipande, inazunguka usiku na mchana ili tone moja lisidondoke mbele ya mtu, na mimi fundi nimekaa katikati yake nisisikie hata mlio wa jino la gurudumu. Nimeshindwa. Naandika kwa mkono wangu: nimeshindwa. Na kushindwa kwenyewe ni kutamu, sijui kwa nini.

Wanawake wako wale hawasemi uongo. Swali lako linauliza kama kitu kinatoka wakicheka, nao hawacheki. Hata mizani njema kuliko zote, kitanga kikiwa kitupu, itasoma sifuri. Haya si maneno yangu, ningependa yawe yangu lakini mama yako anasoma juu ya bega. Anasema waulize hivi: "Ni kitu gani umeacha kukifanya?" Basi.

Na kuhusu ile siku ya kuhitimu. Ukumbi ulikuwa na mlango mmoja, na mlango ulikuwa mbele, karibu na jukwaa. Alikwenda kuutazama siku moja kabla. Ya harusi, wimbo ulianza, watu wakaanza kuruka, akabanwa. Hukumkosea kitu. Ilianza siku uliyozaliwa wewe, lakini ananiambia niandike kwa herufi kubwa: SI KOSA LA MTOTO. Anasema angekuzaa tena, kilo zilezile, ila safari hii nisitangaze.

Mimi baba yako,
kata isiyojua mtungi


Tarehe 4 Julai

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, najua unasoma juu ya bega.

Sijambo. Nimelia kazini. Nimelia mpaka mwenzangu akadhani kuna msiba, nikamwambia hapana, kuna mama.

Miaka yote nilidhani unanionea aibu, Mama. Na mimi nimekaa na wanawake wale chumba kimoja, nikawauliza kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa, na sikuona kwamba wa kwanza wao alinizaa.

Nilimpelekea mkuu wetu swali lako. Ni mama mmoja asiyecheka ovyo, na sasa najiuliza na yeye kwa nini. Alilisoma mara mbili. Akasema, "Ni zuri. Lakini swali haliwi kweli kwa uzuri wake. Tulipime." Ndivyo inavyotakiwa, Baba, hata mizani mpya huhakikiwa. Maswali ya zamani yamebaki palepale. Tumewaita tena wale waliosoma sifuri, waliotaka kuja, pamoja na wengine ambao daktari aliwaona wazima kabisa, ili tuone kama swali linawatenganisha. Anayeuliza haambiwi nani ni nani, na mimi nilipewa wale nisiowahi kukutana nao.

Matokeo bado yanahesabiwa, sitayasema kabla mshale haujatulia. Ila niwaambie nilichosikia kwa masikio yangu. Niliuliza, "Kuna kitu umeacha kukifanya kwa kuogopa kulowa?" Mwanamke wa kwanza alikuwa ameshika mkoba, tayari kuondoka. Akauweka chini. Alikuwa mwimbaji, akaacha kuimba. Mwingine aliacha kumpakata mjukuu. Mwingine, mwalimu, aliacha somo la mwisho la asubuhi, akampa mwenzake kila siku kwa visingizio tofauti, hajawahi kurudia kisingizio. Mwingine hakusema aliacha nini. Alisema tu, "Hakuna aliyewahi kuuliza upande huo." Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi. Baba, wote ni mafundi. Wote wana mashine.

Mama, kwa unavyoeleza, kuna yote mawili, la kucheka na la kubanwa, lakini usiniamini mimi, nenda kliniki ya hapo ukaonane na muuguzi kwanza. Hili hupungua kwa wengi, na kwa wengine huisha. Wakati unangoja, anza hivi: kaza misuli kana kwamba unaukatiza mkojo katikati, shikilia, legeza, pumzika, rudia. Usibane pumzi. Itachukua wiki nyingi, usikate tamaa. Na maji kunywa. Kiu huzidisha, haipunguzi.

Baba, wewe usimsimamie.

Mwanenu,
Kitindamimba


Tarehe 30 Septemba

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi, zipokee kwa mikono miwili. Goti limetulia, linamwogopa mama yako.

Simsimamii. Namwangalia tu. Tatizo ni kwamba zoezi lenyewe halionekani! Anakaa, anasikiliza redio, anachambua mchele, na mimi sijui kama yuko kazini au amekaa tu. Nikimwuliza, "Unafanya?" ananiambia, "Nyamaza, Ratili, umenitoa kwenye hesabu." Hata muuguzi wa kliniki amemsifu. Mwanamke anajenga ukuta ndani ya mwili wake mbele ya macho yangu na sisikii hata tofali likiwekwa. Nami nilidhani nimeona ufundi.

Siku hizi anakunywa chai kikombe kizima. Juzi alipiga chafya hadharani, bila vidole. Tukatazamana kama watu waliosikia radi. "Vipi?" nikamwuliza. "Kidogo," akasema. "Kidogo sana." Akapiga nyingine kwa makusudi!

Sasa sikiliza. Nimekwenda kwenye basi. Peke yangu. Nimepanda basi la kuja kwako, nikashuka kila kituo linaposimama, nikakagua choo, nikapanda, na nilipofika mjini kwenu nikageuza na basi la kurudi bila hata kuja kwako, usikasirike, nilikuwa kazini. Nilirudi na ramani. Nikamtandazia mezani, nikasema, "Mke wangu, njia yote nimekupimia."

Akavaa miwani. Akaitazama. Akasema, "Hiki cha kituo cha pili hufungwa mchana, mwenye ufunguo huenda kula. Na hapa umesahau kimoja, nyuma ya duka la matairi."

Hajawahi kukanyaga njia ile! Amewauliza wasafiri wote wa mtaa huu, mmoja mmoja, miaka yote, kwa werevu, mpaka njia nzima ikakaa kichwani mwake. Alikuwa akisafiri kuja kwako kila siku, mwanangu, bila kutoka uani.

Anakuja Jumamosi. Kiti cha mbele, karibu na mlango. Nimezungumza na dereva, na dereva amesema nisizungumze naye tena.

Mimi baba yako,
Ratili


Tarehe 18 Oktoba

Shikamoo Baba,

Tuko wazima wote, na sasa sisi ni wengi.

Amefika. Alishuka basini kwa miguu yake, nguo kavu, akaniambia kitu cha kwanza: "Nyuma ya duka la matairi kuna sabuni." Kisha akanishika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo.

Gramu alimwogopa kidogo. Akamzunguka. Kisha akajaribu kuvaa kiatu chake kichwani, kikamwangukia, akatutazama sisi kama ndio tuliokiangusha. Mama akacheka. Baba, sikuwa naijua sauti ile. Nina umri huu na sikuwa naijua. Akacheka, akasimama, akasema, "Ngojeni," akaenda. Akarudi. Akaketi palepale akaendelea na kicheko alipokiachia, kama mtu aliyeinuka kuzima jiko. Nilimfuata jikoni baadaye nikamwuliza kama ana haya. Akasema, "Nimechoka kuangalia sufuria zisizo na kitu."

Kesho anaonana na daktari wetu. Matokeo ya swali yametoka. Limewakamata wengi wa wale waliosoma sifuri, si wote, na limewakamata wachache wasio na tatizo, wanaoogopa tu. Mkuu wetu anataka tulipime tena mahali pengine kabla ya kulisifu. Lakini kwenye makaratasi yetu, hapo linapoandikwa, tunaliita Swali la Mama.

Atakaa mpaka atakapochoka na sisi. Na ameniagiza nikuulize kwa utaratibu, faraghani, kwa sauti ya chini. Unakula? Unalala? Na tangu alipoondoka, ni kitu gani umeacha kukifanya?

Mtu asimjibie mume.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 29 Oktoba

Kwako mwanangu, na kwako mama watoto,

Hapa salama. Kuku wanaulizia.

Nakula. Nalala. Nyumba imesimama, ni mimi tu ninayejigonga, maana sasa naona jinsi kila kiti kilivyowekwa na kwa nini, na naogopa kukisogeza.

La tatu. Niliandika kwanza kwamba nimeacha kujisifu. Fundi viatu akasoma, akasema mizani hiyo ipelekwe kiwandani. Kwa hiyo nimefuta, nimekaa, nimengoja mshale utulie.

Nimeacha kupiga nyundo jioni. Ile saa ambayo, mama watoto, huenda unacheka huko, hapa nanyamaza kidogo, nisikie.

Usiharakishe kurudi. Mchekeshe mtoto na wewe uchekeshwe. Maji nimeshachota, mapipa yote yamejaa mpaka juu, na hakuna aliyenisifu.

Wenu,
Ratili